Jeneza Halijiundi

Mnaoishi huku kwenye chai mnaikumbuka siku yenyewe. Tarehe 17 Juni 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisoma majina ya kaunti 13 za upande wa magharibi ambazo kirusi cha Delta kilikuwa kimezielemea. Kericho ilikuwamo, Bomet ilikuwamo. Kwetu kafyu ikawa ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, ilhali kwingine nchini watu walikuwa na ruhusa hadi saa nne usiku. Ibada za pamoja zilisimamishwa kwa siku 30. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo chakula yalifungwa kwa siku 30. Mazishi yalitakiwa yafanyike ndani ya saa 72. Masharti ya eneo letu yakaendelea hadi mwisho wa Julai.

Mafundi hawakutajwa, nao wakaendelea na kazi. Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ambayo mpaka leo haijalala. Kila tetesi ya ugonjwa mpya inaposikika, inaamka barazani, kwenye mabenchi ya hoteli na kwenye vipindi vya asubuhi vya redio. Inasema kwamba kosa la mwaka ule lilikuwa kuwaachia mafundi, na kwamba safari ijayo seremala, mwashi, fundi wa bomba, mshonaji, makanika na mchomelea vyuma wafungiwe kama walivyofungiwa wauza mitumba. Mmeisikia, sina haja ya kuisimulia upya. Nimeisikiliza kwa subira, na nakiri kwamba wanaoitetea si wajinga wala hawana nia mbaya. Wengi wao walizika. Lakini hoja haihukumiwi kwa machozi ya mwenyewe. Nawaomba mkae kama wanavyokaa wazee wa baraza la kokwet: msikilize kila dai peke yake, kisha mwone kama madai yenyewe yanapatana.

Dai la kwanza husemwa kwa kujiamini kuliko yote: fundi si mtoa huduma muhimu. Ushahidi wake ni orodha ya Machi 2020, kafyu ya kwanza ilipotangazwa. Walitajwa wahudumu wa afya, maduka ya dawa, vyombo vya habari, Kenya Power, wasambazaji wa chakula, maduka makubwa, wauza mafuta, kampuni za simu, benki, zimamoto na kampuni za ulinzi. Fundi hayumo, na ni kweli hayumo. Ila orodha ile ilihusu nani anaruhusiwa kutembea saa za kafyu. Haikusema lolote kuhusu nani aache kazi mchana. Mtu anayeichukua orodha ya usiku ili afunge karakana saa nne asubuhi ameisoma vibaya hati yake mwenyewe kabla sisi wengine hatujafungua mdomo.

Hebu tumsamehe hilo, tuulize orodha yenyewe ilipikwaje. Mawakili nao hawakuwamo. Chama chao kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akaamua mambo kadhaa: kafyu ilikuwa halali, nguvu walizotumia polisi kuitekeleza zilikiuka Katiba, na orodha irekebishwe iwaingize mawakili pamoja na mamlaka huru inayowachunguza polisi. Je, umuhimu wa wakili ulizaliwa asubuhi ile? Wakili alikuwa muhimu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba alijua mlango wa mahakama uko wapi na alikuwa na chama cha kuubisha. Fundi wa Kapsoit hana chama cha namna hiyo. Kutokuwamo kwake kwenye orodha kunatueleza aliyekuwa na sauti Nairobi mwezi Machi. Kuhusu kazi yake hakutuelezi kitu.

Kazi yake ielezwe na amri zenyewe za 17 Juni. Marehemu azikwe ndani ya saa 72. Vema. Jeneza linatoka wapi? Huku kwetu linatoka kwa seremala, na mara nyingi anaagizwa jioni alikabidhi asubuhi. Jeneza halijiundi. Anayeunga mkono mazishi ya haraka na kufungwa kwa karakana ya mbao katika sentensi moja hajafikiria ni nani atakayepiga misumari. Watu wanawe mikono kila mara. Vema tena. Mfereji uliokatika na tangi lililopasuka hurekebishwa na nani? Kutovaa barakoa kuligharimu faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita, na barakoa za kitambaa zilizowaokoa wengi wasilipe faini hiyo zilitoka kwenye cherehani za barazani.

Kuna ushahidi mwingine ambao upande wa pili haujawahi kuugusa. Mwaka 2020 serikali hiyohiyo ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili mafundi wa jua kali watengeneze madawati, kusudi wanafunzi warudi darasani wakiwa wamekaa mbalimbali. Yaani Hazina ya taifa ilipotafuta dawa ya msongamano shuleni, iliipata kwa mtu mwenye randa na msumeno. Mkisikia tena kwamba fundi hakuhesabiwa kuwa muhimu, ulizeni: na ile bilioni 1.9 ililipwa kwa ajili ya pambo?

Dai la pili ndilo hasa la huku kwetu, nami nitakaa nalo kidogo. Chai, wanasema, ni kitu kingine. Chai inaleta fedha za kigeni, majani hayangoji mtu, na kiwanda kina usimamizi: kuna anayepima joto langoni, kuna maji na sabuni, kuna meneja wa kuwajibishwa. Kwa hiyo viwanda viendelee, wachumaji waendelee, mafundi wa mitaani wakae nyumbani. Dai hili lina sura ya busara. Sehemu yake ya kwanza ni kweli tupu. Majani mabichi yaliyoshindiliwa kwenye gunia hujipasha moto yenyewe, yakawa mekundu, na kiwanda hakiyataki. Kuyanyausha pekee huchukua saa nyingi, kisha kuna kuyakata, kuyaacha yabadilike rangi, kuyakausha. Kazi inavuka usiku kucha. Ndiyo maana boila hazikuzimwa. Kenya ilitoa chai kilo milioni 570 hivi mwaka 2020, baada ya milioni 459 mwaka 2019. Mwaka wa gonjwa ukawa mwaka wa rekodi.

Lakini fuateni jani moja kutoka shambani, mwone linapitia mikono ya nani. Mchumaji wa Mogogosiek anafikisha majani kwenye kituo cha kununulia. Paa la kituo hicho lina mabati, na nchi hii ya Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Bati likitoboka, hupandi wewe uliye ofisini. Lori linalokuja kuchukua majani linapita barabara ya udongo ambayo mnamo Juni ni uji. Springi zinakatika, magurudumu yanapasuka, na anayelala chini ya lori hilo kwenye tope mara nyingi ni makanika wa kituoni ambaye hayumo kwenye karatasi za mishahara za kiwanda chochote. Bodaboda iliyobeba magunia ina mnyororo, na mnyororo una fundi wake. Kiwanda kina karakana yake ya ndani, nalikubali hilo. Kinanoa roli zake chenyewe na kina mafundi wake wa umeme. Ila kati ya shamba na lango la kiwanda kuna kilomita nyingi zisizo na karakana ya kampuni. Huko ni jua kali tu.

Hivyo mwenye dai hili amejifungia ndani mwenyewe. Akisema chai isisimame, amemruhusu makanika wa Litein bila kumtaja. Akisema makanika asimame, amewaambia wakulima wamwage majani. Hawezi kushika ncha zote mbili. Na kuna jambo la pili, linalouma zaidi. Kama hofu yake ni watu kukusanyika, basi ukumbi wa kiwanda wenye zamu nzima chini ya paa moja, na nyumba za kambi kwenye mashamba makubwa ambako familia nzima hulala chumba kimoja, vingemtia hofu kabla ya mwashi anayejenga ukuta akiwa na kibarua mmoja, kwenye upepo wa Chepseon. Hofu inayomwona mwashi na kuliruka jengo zima la kiwanda si hofu ya ugonjwa.

Dai la tatu ndilo zito, na nisingependa mtu aseme nimelipita mbio. Fundi huingia nyumbani mwa watu. Jumatatu yuko Kapkatet kwa nyanya wa miaka 80, Jumanne yuko Kabianga kwa familia yenye watoto sita, Jumatano yuko kwingine. Muuza mitumba hukutana na wateja nje, kwenye hewa ya wazi. Fundi wa bomba huinama jikoni mwao. Kwa hiyo, wanasema, yeye ni uzi unaoshona nyumba zilizojifungia ziwe nyumba moja.

Picha hiyo ni ya kweli kwa mafundi wachache, nao wanaitandaza juu ya wote. Mwezekaji yuko juu ya paa. Makanika yuko barabarani. Mchomelea vyuma ana karakana isiyo na ukuta wa mbele. Mshonaji hapimi tena mtu ambaye vipimo vyake anavyo daftarini. Kirusi hiki kilienda kwa pumzi, kwenye hewa iliyofungwa, kwa watu wengi waliokaa pamoja muda mrefu. Jina la kazi ya mtu hakikulijua. Anayebaki kwenye shtaka ni fundi wa ndani: wa bomba, wa umeme, wa dari, wa vigae. Na kwa huyo masharti si fumbo. Wenye nyumba watoke uani, madirisha yafunguliwe, barakoa ivaliwe, fundi mwenye kikohozi asije. Vigae vipya vya sebuleni kwa nyanya yule wa Kapkatet vingoje. Hilo nalikubali bila ubishi, na sijawahi kukutana na fundi mwenye akili anayelipinga. Waya unaotoa cheche kwenye dari yake usingoje hata siku moja.

Tena nauliza swali dogo la upelelezi. Maafisa wa afya wakitaka kumfuata mgonjwa alikopita, nani aliye rahisi kufuatwa? Fundi ana simu yenye namba za wateja wake wa wiki nzima, na M-Pesa inaonyesha nani alimlipa na saa ngapi. Abiria 14 wa matatu hawajuani majina. Kama kuna nyayo zinazofuatika nchi hii, ni za fundi.

Wapo wanaolipeleka dai hili mbali zaidi, wakasema mafundi ndio waliolibeba wimbi la Juni hadi vijijini. Ushahidi hawatoi, nami sitabuni wa kwangu. Naweka tarehe mbili tu mezani. Delta ilikuwa imeshathibitishwa Kisumu mwezi Mei. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Kisumu. Sisemi sherehe ndizo zilizosambaza ugonjwa, kwa kuwa sina vipimo mkononi. Nasema kwamba anayeweza kumtazama mtu mwenye bisibisi akaona hatari, huku umati wa uwanjani haumsumbui, ana jicho linalochagua.

Hapa pia kuna suala la chanjo. Dozi za kwanza, milioni 1.02, zilifika nchini tarehe 3 Machi 2021. Foleni ilianza na wahudumu wa afya, walimu na polisi, kisha wenye miaka 58 na zaidi. Kama kweli fundi ni uzi unaoshona nyumba zote, ilipasa awe karibu na kichwa cha foleni. Sikumsikia hata mmoja wa wanaotaka afungiwe akidai achanjwe mapema.

Dai la nne ni fupi nami nitalijibu kwa ufupi: sheria iwe sawa kwa wote, muuza mitumba alifunga, fundi naye afunge. Ukiona mmoja ameonewa, dawa si kumwonea wa pili ili wafanane. Na usawa huo unaanzia wapi? Mtumishi wa kaunti aliyeambiwa akafanyie kazi nyumbani alipokea mshahara wake mwisho wa mwezi.

Kutoka hapo tunafika kwa dai la tano: ni siku 30 tu. Hakuna aliyekufa njaa kwa siku 30, hasa huku kwenye rutuba, ambako kila mtu ana kipande cha shamba, ng'ombe na mboga za nyuma ya nyumba. Msemaji wa dai hili mara nyingi ana payslipu mfukoni, na nasema hivyo kwa sababu inagusa hesabu yake moja kwa moja. Nafuu za kodi za Aprili 2020 ziliwafutia makato watu wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nafuu hiyo inamfikiaje mtu asiye na mwajiri? Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo na ufugaji, ziko kwenye sekta isiyo rasmi, na fundi yumo humo. VAT iliyoshushwa hadi asilimia 14 ilimgusa kidogo, kwenye bei ya misumari na saruji. Nayo ilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021, miezi mitano na zaidi kabla ya kaunti zetu kufungiwa. Mpango wa serikali wa Kazi Mtaani ulibuniwa kwa ajili ya vijana wa mitaa ya mabanda mijini. Kwa hiyo Juni ilipofika, fundi wa Silibwet alikuwa ameachiwa mkopo wa simu wa Fuliza.

Na hilo shamba? Mafundi wengi wa miji yetu ni wapangaji, au ni wana wa tatu na wa nne wa baba mwenye eka mbili zilizojaa chai. Chai hailiwi. Hata aliye na michai yake anangoja bonasi ya Oktoba, na wateja wake wanaingoja bonasi hiyohiyo. Ndiyo maana nusu ya malipo ya fundi huku huahidiwa "tukipata bonasi". Juni iko mbali na Oktoba. Ongezeni hali ya hewa: mvua huanguka karibu kila alasiri, kazi ya nje huishia saa nane, na kafyu ya saa moja ilimtaka afunge vifaa mapema ili awahi matatu ya mwisho. Siku yake ilikuwa imeshakatwa nusu kabla hamjaongeza amri yoyote. Katiba, kifungu cha 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Anayedai siku 30 za kufunga alete na siku 30 za chakula. Wakati huo nitamsikiliza kwa makini zaidi.

Dai la sita hutolewa na watu wa katikati, wale wanaotaka kumridhisha kila mtu: kazi za dharura ziruhusiwe, nyingine zingoje. Kwa maneno linapendeza, na kwa kiasi nimeshalikubali nilipoviweka vigae kando. Shida ni nani anayeamua. Wao hujibu: chifu atoe kibali, polisi wakague. Basi mfikirie fundi wa umeme saa kumi na mbili na nusu jioni kwenye kizuizi cha barabarani, akimweleza afisa kwamba friji ya duka la dawa lenye insulini imezima na kibali kimebaki kwa chifu aliyekwenda mazishini. Mnajua maelezo hayo huishia wapi, na bei yake. Mnakumbuka pia Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walipokamatwa kwa kosa la kafyu wakaishia mauti, na maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Anayetaka kuongeza idadi ya mambo ambayo polisi wa barabarani anaamua usiku lazima aeleze kwa nini anaamini safari hii yatakwenda vizuri.

Linabaki la mwisho: wenzetu walifunga, sisi ni nani? Wenzetu wepi? Uingereza ilipofungwa Machi 2020, fundi mzima wa afya aliruhusiwa kuingia nyumba za watu mradi akae mita mbili mbali nao. Scotland ikachukua msimamo mkali zaidi, ikasimamisha ujenzi usio wa lazima. Kisiwa kimoja, majibu mawili. Lakini wanaotoa dai hili mara nyingi humaanisha jirani yetu Uganda. Haya. Tarehe 30 Machi 2020 Rais Museveni alifunga maduka ya bidhaa zisizo chakula, gereji na saluni kwa siku 14, siku ambazo baadaye ziliongezwa. Viwanda na ujenzi vikaruhusiwa tu kama wafanyakazi watalala hapohapo kazini. Tarehe 4 Mei, shule zikiwa bado zimefungwa, magari ya abiria yakiwa bado yameegeshwa na kafyu ikiwa bado ipo, alihutubia tena. Miongoni mwa vya kwanza alivyovifungulia vilikuwa maduka ya vifaa vya ujenzi, gereji, na karakana za mbao na za vyuma. Anayetaka Kericho na Bomet ziige Uganda aseme basi ni Uganda ya tarehe ipi.